Kuweka kadi kubwa ya michoro kwenye kompyuta ya ofisi ya mtumba: mwongozo kamili

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue ni mashine zilizostaafu ofisini Ulaya au Ghuba: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni imara, vipuri vyake vinapatikana, na bei yake ni nafuu kuliko kuunga kompyuta mpya kipande kwa kipande. Mwenye nayo huanza kwa kuongeza RAM na SSD, kisha anaulizia kadi ya michoro kwa ajili ya michezo, kuhariri video, Blender (programu ya michoro ya 3D) au kuendesha modeli za AI nyumbani. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu watu hununua kadi kwanza, wakishaifikisha nyumbani ndipo wanafungua kasha.

Kadi huchaguliwa mwisho. Inatangulia saizi ya kasha, inafuata pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), kisha prosesa na BIOS (programu ya mwanzo ya madabodi). Ukishavijua hivyo vinne, orodha ya kadi zinazokufaa hujipunguza yenyewe.

Kasha: pima kabla ya kuuliza bei

Mashine hizi huja kwa saizi tatu. Ile ndogo kabisa, inayofungwa nyuma ya monita (Dell huiita Micro, HP Mini, Lenovo Tiny), iache: kwa kawaida haina sloti ya kadi. Ya pili ni SFF, ile ya kulala au kusimama nyembamba. Hiyo hupokea kadi za nusu kimo tu, zenye bamba la nyuma lenye urefu wa takriban sentimita 8. Ya tatu ni tawa (kasha kubwa la kusimama, Dell huiandika MT), na hiyo ndiyo yenye nafasi ya kufanya kazi ya maana.

Tawa nazo hazilingani. OptiPlex 9020 MT ina kina cha takriban sentimita 41.7, lakini 7060 MT, iliyokuja miaka kadhaa baadaye, ina sentimita 27.4 tu. Kadi ya feni tatu ina urefu wa sentimita 28 hadi 33, kwa hiyo kwenye 7060 haihitaji hata kujaribiwa. Hata kwenye kasha refu, kizimba cha diski hukata sehemu ya nafasi hiyo.

Chukua rula, fungua mfuniko wa ubavu, kisha pima:

- kutoka ukingo wa nyuma wa kasha, mahali vilipo vibamba vya sloti, hadi kitu cha kwanza kitakachozuia mbele. Toa sentimita 1 ya usalama;
- kutoka sloti kwenda juu hadi mfuniko wa ubavu. Plagi ya umeme ya kadi hukaa ukingoni, na waya wake unahitaji sentimita 3 hivi za kupinda. Watu husahau kipimo hiki kuliko vyote;
- nafasi chini ya sloti. Kadi yenye nguvu hula nafasi ya sloti mbili, nyingine mbili na nusu. Angalia kama itafunika plagi za SATA. Ikifunika, tafuta waya wa SATA wenye kichwa kilichopinda nyuzi 90.

Utaona sloti mbili ndefu zinazofanana. Mara nyingi ni moja tu iliyounganishwa kwa njia zote 16 za data (PCIe), nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na prosesa. Ya pili ina umbo hilohilo lakini ndani imeunganishwa kwa njia 4 tu. Kadi itawaka huko na itafanya kazi kinyonge, na mwenyewe atalalamikia draiva (programu inayoendesha kadi) mwezi mzima.

Pawasaplai, mahali ambapo mipango mingi hufia

Sloti yenyewe hutoa hadi wati 75. Plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. Kompyuta za ofisi hazikutengenezwa kwa hesabu hiyo: OptiPlex 7050 MT ya kawaida ina pawasaplai ya wati 240, 7060 MT ina 260, na hakuna waya wa kadi unaotoka humo.

Soma lebo ya pawasaplai, na usiishie kwenye jumla ya wati. Kadi na prosesa hulishwa na mstari wa volti 12. Zidisha ampea zake kwa 12: ampea 18 ni wati 216. Hicho ndicho ulicho nacho kweli. Pawasaplai nzuri ya 550W huonyesha takriban ampea 45 kwenye 12V, yaani karibu wati zote zilizoandikwa nje. Zile nyepesi za bei ya kutupa zilizoandikwa "500W" kwa herufi kubwa, ukisoma lebo yake unakuta ampea 14 au 16. Hizo ni wati 170 hadi 190. Dalili nyingine ni kukosa plagi ya pini 6+2 ya kadi, kukosa alama ya 80 Plus (cheti cha ufanisi wa umeme), na kuwa na swichi nyekundu ya 115/230 nyuma. Ukilazimika kutumia yenye swichi hiyo, hakikisha imewekwa 230 kabla ya kuchomeka. Ikiwa kwenye 115 na umeme wetu wa volti 230 hadi 240, italipuka papo hapo.

Tuchukue mfano wa mashine yenye prosesa ya Core i5-8500 inayotaka kadi ya Nvidia RTX 5060. Prosesa imeandikwa wati 65, lakini ikikimbia kwa kasi hupita hapo kwa muda, kwa hiyo weka 100. Madabodi, RAM, diski na feni: 50. RTX 5060: 145. Jumla 295. Kadi hizi huruka juu ya kiwango chake kwa sekunde ndogondogo, na pawasaplai isiyo na akiba hujizima hapo. Zidisha kwa 1.5, unapata takriban 440. Ya 500W au 550W ya kampuni inayoaminika inatosha, na Nvidia wenyewe hushauri 550.

Una njia tatu.

*Kubaki na pawasaplai iliyopo.* Basi kadi yako ni ile inayokula umeme wa sloti peke yake, yaani wati 75 au chini. Hakuna waya, hakuna adapta, na kwa SFF ndiyo njia pekee ya busara.

*Kubadilisha pawasaplai.* Hapa shida ni plagi ya madabodi. Kompyuta ya kuunga hutumia plagi ya pini 24, lakini hawa wana zao. OptiPlex zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 4 (3020, 7020, 9020) zina pini 8, 7050 ina pini 6, Lenovo hutumia pini 14 kwenye za zamani na 10 kwenye za baadaye, na HP wana mpangilio wao wenye pini 4. Adapta kutoka pini 24 kwenda hizo zinauzwa. Agiza kwa jina kamili la modeli, kamwe si kwa idadi ya pini, kwa sababu idadi ya pini ikilingana, mpangilio wake si lazima ulingane. Baadhi ya adapta, hasa za Lenovo, zina kisanduku kidogo katikati ya waya. Usikikate ukidhani ni pambo: kinapandisha volti 5 za kusubiri hadi kiwango ambacho madabodi hiyo inahitaji ili iwake.

Kisha umbo. ATX ya kawaida ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86. SFX ni 125 kwa 63.5. TFX ni ndefu na nyembamba, 85 kwa 65. OptiPlex 9020 MT hupokea ATX bila kuchongwa chochote, ndiyo maana bado inapendwa na wachezaji wenye bajeti ndogo. Kwenye tawa fupi za baadaye, pima tundu na nafasi za skrubu nne kabla ya kulipa. Pia uliza kama mtengenezaji aliwahi kuuza pawasaplai kubwa ya modeli hiyohiyo. HP, kwa mfano, wana ya 500W inayoingia kwenye baadhi ya tawa zao, na hiyo haihitaji adapta ya aina yoyote.

*Kubadilisha mashine.* Mara nyingi hili ndilo jibu, ingawa muuzaji wa kadi hatakuambia. Stesheni za kazi za mtumba kama HP Z440, yenye pawasaplai ya 700W na plagi mbili za pini 6, au Dell Precision T5810 yenye 685W, zilitengenezwa kubeba kadi kubwa tangu kiwandani. Gharama ya pawasaplai, adapta na kasha lililobanwa ikikaribia nusu ya bei ya Z440, uza OptiPlex.

Sasa mambo yanayochoma nyumba. Adapta ya SATA kwenda pini 8, inayouzwa kwa bei ya soda, usiiguse. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ya ampea 1.5, jumla wati 54. Kadi ikidai 150 kupitia hapo, plastiki huyeyuka. Plagi ya pini 8 ya prosesa nayo hufanana na ya kadi, ila chanya na hasi zimekaa kinyume. Ya prosesa hugawanyika 4+4, ya kadi 6+2. Ikigoma kuingia, isome tena kabla ya kuisukuma. Na waya za pawasaplai ya kuchomoa zisihamishwe kwenda pawasaplai ya kampuni nyingine hata zikiingia vizuri: mpangilio wa upande wa pawasaplai hauna kiwango kimoja, na diski zako ndizo zitakazolipa.

Prosesa na RAM

Hapa tusikae sana. Core i5 ya kizazi cha 6 au 7 yenye koa nne (viini vya kuchakata) bila nyuzi za ziada (threads), kama i5-6500, itaiweka kadi ya RTX 5060 ikisubiri kwenye michezo mingi ya sasa, na utaona kutikisika hata kama wastani wa fremu (picha kwa sekunde) unapendeza. I5-8500 yenye koa sita ni mwanzo mzuri. Madabodi yake hupokea i7-8700 bila kubadilisha soketi. RAM ziwe vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha 16. Mashine nyingi za mtumba huja na kipande kimoja, na hicho hukata kasi ya kumbukumbu kwa nusu.

Kuna na Windows. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8 hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Nvidia wameahidi draiva za michezo kwa kadi za RTX kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2026. Kwa mashine ya kizazi cha 4 au cha 6, fikiria hilo kabla ya kuweka pesa nyingi juu yake.

Sasa kadi

Kwa wasiobadilisha pawasaplai: RTX 3050 ya GB 6 hula wati 70, haina plagi, na ina matoleo ya nusu kimo. Angalia namba ya kumbukumbu kwa makini, kwa sababu RTX 3050 ya GB 8 ni kadi nyingine kabisa, inakula wati 130 na inataka waya. RTX A2000 ya mtumba, wati 70, ni nusu kimo na ni nzuri kwa kazi. GTX 1650 bado inapata draiva, lakini hakikisha ni toleo lisilo na plagi. RX 6400 ya AMD hula wati 53 tu, ila hutumia njia 4 za PCIe na haina kifaa cha kurekodi video, na kwenye madabodi ya PCIe 3.0 (toleo la zamani la sloti) hupoteza nguvu waziwazi. Intel Arc tusiipendekeze hapa: inahitaji Resizable BAR (mpangilio wa BIOS unaoipa prosesa njia ya kufikia kumbukumbu yote ya kadi), kitu ambacho mashine za ofisi za kabla ya kizazi cha 10 hazina.

GTX 1050 Ti na 1060 zinajaa sokoni kwa bei tamu. Jua kwamba Nvidia walimaliza draiva mpya za michezo kwa kizazi hicho Oktoba 2025, na kilichobaki ni marekebisho ya usalama.

Kwa waliobadilisha pawasaplai, RTX 4060 (wati 115) na RTX 5060 (wati 145) ndizo zinazokaa vizuri kwenye kasha dogo. Matoleo ya feni mbili mengi yako kati ya sentimita 20 na 25. Zote zinatumia plagi moja ya pini 8 na GB 8 za kumbukumbu, na hapo pana jambo ambalo wauzaji hawalitaji: zinatumia njia 8 za PCIe, si 16. Kwenye PCIe 3.0 hiyo ni takriban GB 7.9 kwa sekunde. Maadamu kila kitu kinatosha ndani ya GB 8, tofauti ni ndogo. Ukipandisha ubora wa picha hadi kumbukumbu ikajaa, data huanza kupita kwenye sloti, na mchezo unakwama kwama. Kwa mashine za PCIe 3.0, kadi zenye njia 16 kamili zina faida: RTX 3060 ya GB 12 (wati 170) na RX 9060 XT ya GB 16 (wati 160). Ya kwanza ndiyo chaguo letu kwa anayetaka kuendesha modeli za AI bila kutumia pesa nyingi, kwa sababu GB 12 na CUDA (mfumo wa Nvidia ambao programu nyingi za AI huutegemea) vinaungana. Juu ya hapo, RTX 5070 yenye wati 250 na ushauri wa pawasaplai ya 650W haina kazi ndani ya OptiPlex.

Angalia pia monita. Kadi hizi nyingi zina HDMI na DisplayPort tu. Monita ya VGA itahitaji adapta yenye saketi ndani. Ile inayouzwa kama waya mtupu haitaonyesha kitu.

Ukinunua ya mtumba, usilipe kabla ya kuiona ikifanya kazi kwenye GPU-Z (programu inayosoma taarifa za kadi) na mtihani wa dakika 15. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijiite GTX 1050 Ti. GPU-Z huweka neno FAKE mbele ya jina inapozitambua. RX 580 iliyoandikwa 2048SP ina viini vya RX 570. Geuza kadi, tazama pedi za joto zinazovuja mafuta, skrubu zilizochunwa, na kutu kwenye bamba la nyuma, ambayo kwa kadi zilizokaa Mombasa au Zanzibar si jambo la ajabu.

Kabla ya kufungua: BIOS

Ingia BIOS kadi ikiwa bado haijawekwa. Dell ni F2, HP F10, Lenovo F1. Ikidai nenosiri la msimamizi ambalo hulijui, simama hapo na mrudie aliyekuuzia. Ofisi nyingi huuza mashine bila kulifuta, na bila hilo hutabadilisha chochote. Kitu hiki kikaguliwe dukani, siku ya kununua.

Sasisha BIOS kutoka tovuti ya mtengenezaji, umeme ukiwa kwenye UPS. Kama BitLocker (kufuli la diski la Windows) imewashwa, isimamishe kwanza na uhifadhi ufunguo wake, la sivyo Windows itakudai ufunguo huo baadaye. Kisha hakikisha kompyuta inawaka kwa UEFI (njia mpya ya kuwasha), si Legacy (ya zamani). Kadi mpya nyingi haziwezi kuonyesha picha ya mwanzo kwenye Legacy. RTX 5060 na 5060 Ti zilipotoka 2025, Nvidia walilazimika kutoa zana ya kusasisha programu ya kadi kwa sababu ya skrini nyeusi kwenye baadhi ya madabodi, na sehemu ya ushauri wao ilikuwa kuwasha UEFI.

Windows iliyowekwa kwa Legacy haitawaka ukibadilisha tu. Nakili data yako nje, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `mbr2gpt /validate /allowFullOS`. Ikikubali, rudia ukiweka `/convert` mahali pa `/validate`, kisha ubadilishe BIOS. Ikikataa, mara nyingi diski ina sehemu za msingi zaidi ya tatu.

Mwisho, pakua draiva ya kadi mapema na uiweke mezani. Kama ulikuwa na kadi ya kampuni nyingine, ondoa draiva ya zamani kwa DDU (programu ya kufuta draiva) ukiwa Safe Mode, intaneti imezimwa.

Kuiweka

1. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe.
2. Gusa chuma cha kasha kisichopakwa rangi. Rudia kila unapoondoka na kurudi. Kwenye zulia na hewa kavu ya Nairobi ni muhimu zaidi kuliko kwenye unyevu wa Dar.
3. Puliza vumbi kwa bloa nje ya nyumba, ukishikilia feni zisizunguke. Wakati uko humo, badilisha betri ya CR2032. Mashine ya miaka minane ina betri iliyochoka, na ikiisha BIOS husahau mipangilio uliyoihangaikia.
4. Pawasaplai mpya iingie kwanza. Chomeka adapta ya madabodi, kisha plagi ya prosesa. Kwenye mashine nyingi za ofisi diski huchukua umeme kutoka kwenye madabodi, kwa hiyo waya huo uache ulivyo.
5. Fungua kishikio cha nyuma, toa vibamba viwili vilivyo mbele ya sloti. Vingine ni vya kuvunja kwa kuzungusha, na kingo zake hukata vidole.
6. Shika kadi kwa ncha zake, lenga sloti, bonyeza pande zote mbili kwa usawa hadi usikie kibana cha mwisho kikilia. Chini ya mwanga wa simu, mstari wa dhahabu usionekane tena.
7. Funga kishikio au skrubu. Kishikio kikigoma kwa sababu bamba la kadi ni nene, usiache kadi ikining'inia: tumia skrubu, hata kama itabidi kishikio kiondolewe.
8. Chomeka waya wa kadi, vipande 6 na 2 vikiwa pamoja, hadi kibana chake kishike.
9. Waya wa monita uende kwenye kadi. Simu nyingi za "kadi haifanyi kazi" huisha hapa.

Washa kabla ya kufunga mfuniko. Ukiona maandishi yanayokuambia uzime na uunganishe waya wa PCIe, plagi ya hatua ya 8 haijaingia yote.

Kujaribu

Weka draiva, washa upya, fungua GPU-Z. Kwenye mstari wa Bus Interface, bonyeza alama ya kuuliza ili kadi ifanye kazi kidogo, kisha usome: RTX 3060 kwenye OptiPlex ya PCIe 3.0 iseme x16 3.0, RTX 5060 iseme x8 3.0. Ukiona x4, uko sloti isiyo yake au kadi haijakaa.

Kisha endesha Unigine Superposition (programu ya kupima kadi) au mchezo unaoujua kwa nusu saa, HWiNFO (inayoonyesha joto) ikiwa wazi. Joto la kadi likikaa chini ya nyuzi 83, sawa. Likipita 85 wakati mfuniko umefungwa na kushuka ukifunguliwa, tatizo ni hewa. Makasha haya yana feni moja ya nyuma, na BIOS huizungusha kwa kutazama prosesa, haijui kama kadi inaungua. Ongeza feni ya mbele inayolishwa moja kwa moja na pawasaplai. Feni ya asili usiing'oe: plagi yake kwenye Dell si ya kawaida, na mashine itasimama kila asubuhi ikilalamika feni imekufa.

Dawa nyingine ya joto, na ya pawasaplai iliyobanwa, ni kupunguza kikomo cha nguvu kwenye programu ya MSI Afterburner hadi asilimia 80 au 85. Utapoteza fremu chache tu. Funga pia fremu zisipite kasi ya monita. Kadi inayochora fremu 140 kwa monita ya 60Hz inapasha chumba bure.

Ikigoma

Kompyuta inazimika ghafla kama umekatwa umeme, mchezo ukiwa mkali: pawasaplai. Windows itaandika Kernel-Power 41 kwenye Event Viewer, lakini hiyo ni taarifa kwamba ilizimika, haisemi nani alisababisha. Punguza kikomo cha nguvu hadi asilimia 70. Ikitulia, umepata jibu.

Picha inaganda au inakuwa nyeusi huku sauti ikiendelea: anza na draiva, safisha kwa DDU. Ikirudia, chomoa kadi na uiweke upya. Viboksi na mistari ya rangi hata kwenye BIOS ni kumbukumbu ya kadi iliyokufa, na hapo draiva haina la kufanya.

Hakuna picha kabisa, feni za kadi zinazunguka: rudisha waya wa monita kwenye madabodi. Ikiwa picha ipo huko, ingia BIOS uhakikishe UEFI, na kwenye Dell tazama mpangilio wa Primary Display uwe Auto. Haipo popote: toa kadi, ujaribu bila hiyo, kisha na kadi nyingine ndogo. Kama adapta ya pawasaplai ndiyo kitu kipya, ishuku kabla ya kadi.

Inazimika kila umeme unapokatika ingawa iko kwenye UPS: UPS ya 650VA kwa kawaida hubeba chini ya wati 400, na nyingi za bei nafuu hutoa mawimbi ya umeme ya kuigiza ambayo baadhi ya pawasaplai nzuri huyakataa wakati wa kubadili. Ya 1000VA au zaidi yenye mawimbi halisi huondoa tatizo hilo.

Na bili. Mashine nzima yenye RTX 5060 ikivuta takriban wati 250 mchezoni, saa nne kwa siku ni uniti moja, uniti 30 kwa mwezi. Kwa aliye kwenye tarifa ya D1 ya TANESCO (ya watumiaji wadogo), yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hesabu hiyo ifanyike kabla ya kununua, kwa kuwa friji nayo inahesabiwa humohumo.